Jinsi ya kuorodhesha mimea ya asili ya kijijini kwenu na matumizi yake

Maswali ni yale yale kila mvua zinapoanza. "Nianze na mmea gani?" "Lazima niwe nimesoma botania?" "Programu ya simu si inataja jina yenyewe?" "Nikiandika kwamba mti fulani ni dawa, sitaingia matatani?" Wanaouliza ni walimu wa sekondari Njombe, vijana wa vikundi vya mazingira Rungwe, na wajukuu waliorudi Mufindi wakakuta bibi ndiye pekee aliyebaki anayejua jina la kila kinachoota nyuma ya nyumba. Nimeandika haya ili nisijibu tena mmoja mmoja. Shahada haihitajiki. Kinachohitajika ni uvumilivu na mwandiko unaosomeka.

Shika jambo moja tangu sasa, maana hatua zote zinalitumikia: unachoandika kiweze kuhakikiwa na mtu asiyekujua, hata miaka hamsini ijayo, wakati wewe na mzee aliyekueleza hampo. Orodha ya mitishamba isiyo na sampuli, isiyo na mahali, isiyo na msemaji, ni porojo za kwenye basi tu, hata ikichapwa kwa wino wa rangi.

Vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Kaunta buku moja na penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani. Manyunyu ya Tukuyu yataufuta ukurasa mzima kabla hujafika barabarani.
- Simu yenye kamera na GPS, na pawa benki. Bando si lazima ukiwa porini, GPS hufanya kazi bila mtandao.
- Magazeti ya zamani, mengi kuliko unavyodhani. Gazeti lililokunjwa mara moja ndilo kipimo cha sampuli.
- Maboksi ya kukata vipande vya ukubwa wa gazeti hilo, na mbao mbili au fremu mbili za fito, sentimita 45 kwa 30 hivi.
- Tyubu za baiskeli zilizokatwa, za kukazia. Kamba ya katani nayo inafaa, ila mimea inapokauka hupungua unene na kamba hulegea. Tyubu hujivuta yenyewe.
- Mkasi wa kupogolea au kisu kikali, jembe dogo, rula, na mfuko wa salfeti wenye nailoni ndani wa kubebea mimea isinyauke.
- Vikaratasi vigumu vilivyotobolewa tundu na kufungwa uzi, kwa ajili ya namba.
- Sukari, sabuni au majani ya chai. Utaona kwa nini.

Hatua kwa hatua

1. Chora mpaka mdogo

Usijaribu "mimea ya Mbeya". Chukua kitongoji kimoja, bonde moja, au msitu wa kijiji. Nyanda za Juu Kusini si kitu kimoja: tambarare za Iringa zina miombo, genge la Mufindi lina msitu wa mvua na chai, na Kitulo ni nyasi za baridi zilizo juu ya mita 2,600. Milima yetu imesimama peke yake kama visiwa, na baadhi ya mimea ya kileleni haipo popote pengine. Ndiyo maana mpaka ulio wazi una thamani: mtu akijua ulitafuta wapi, atajua pia ni wapi hukutafuta.

Mimea 30 iliyoandikwa vizuri inatosha kwa msimu wa kwanza. Wanaoanza na lengo la 300 huishia na picha 300 zisizo na maelezo.

2. Omba ruhusa, kwa mpangilio

Kwenye ardhi ya kijiji, anza kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, kisha kamati ya maliasili kama ipo. Eleza unachofanya, nani atakiona, na nakala itabaki wapi. Barua fupi yenye muhuri itakuokoa siku mgambo atakapokukuta msituni na panga.

Hifadhi ni habari nyingine. Kitulo na Udzungwa ni hifadhi za taifa chini ya TANAPA, na humo kung'oa hata jani bila kibali ni kosa. Msitu wa Mlima Rungwe uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwa hiyo mwone mhifadhi. Kama kazi yako ni utafiti rasmi, kibali hutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kabla ya yote hayo. Kwa mtu anayeanza ushauri wangu ni mwepesi: fanya kazi nje ya hifadhi. Kingo za mashamba, mabonde, makaburi ya zamani na misitu ya mila vina mimea ya kukutosha kabisa, na kwenye misitu ya mila utahitaji pia ruhusa ya wazee wa ukoo husika. Wakikuambia upande ule hauingiliki, hauingiliki.

3. Tafuta wenye kujua, siyo wenye sifa

Kosa linalojirudia ni kwenda moja kwa moja kwa mganga maarufu na kuishia hapo. Mganga anajua dawa, na sehemu ya anachojua ni riziki yake, hivyo hatakumwagia yote. Maarifa ya mimea yametawanyika kijijini. Akina mama ndio wenye mboga za pori na dawa za watoto. Warina asali wanajua ni mti gani ukichanua nyuki huongezeka. Wachoma mkaa wanajua ugumu wa kila mti kuliko mtaalamu yeyote. Wasusi wa vikapu, wagema ulanzi (pombe ya mwanzi), wachunga ng'ombe, mkunga wa jadi, wote waingize. Na usiwadharau watoto: kwa matunda ya porini hawana mpinzani. Waulize wapi mikusu imezaa mwaka huu, na matonga yameiva upande gani wa kilima, watakupeleka mbio.

Ukifika, salimia kwanza. Uheheni na Ubenani "kamwene" haikimbizwi. Iache ifike mwisho, uulizwe habari za nyumbani, nawe uulize. Kaunta buku litoke baada ya hapo. Sukari na sabuni ni asante ya muda wa mtu, iwe sawa kwa kila mmoja, na uitoe mwishoni. Ukilipa kwa idadi ya mimea iliyotajwa, mimea itaongezeka ghafla.

Omba idhini ya kila mtu kwa maneno yanayoeleweka: naandika haya, yatasomwa na fulani, je nikutaje jina au nisikutaje? Nikurekodi sauti au nisikurekodi? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kama isingekuwepo, mtu kukuta sauti ya mama yake inazunguka kwenye simu za watu ni jambo la kuvunja ujirani. Mpe kila msemaji namba (W-01, W-02), na majina halisi yaweke kwenye daftari tofauti linalobaki nyumbani.

4. Tembea naye, uliza mbele ya mmea

Kuulizia mimea sebuleni kunazalisha majina matupu. Toka naye. Nenda polepole kwa mwendo wake, na simama anaposimama yeye.

Maswali yawe wazi. Usiseme, "Hii inatibu tumbo, si ndiyo?" Atakuitikia "eeh" kwa adabu tu, hasa kama wewe ni mgeni au umesoma. Sema, "Hii mnaiitaje?" kisha "Mnaifanyia nini?" kisha nyamaza. Kimya cha nusu dakika hutoa mengi kuliko swali la pili. Na punguza sifa: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ukishangilia kila jibu, kufika mti wa kumi utakuwa unaambiwa kila kitu kinatibu kila kitu.

Kwa kila mmea pata haya:

- Jina, kwa lugha gani, na umoja na wingi wake. Andika kama linavyotamkwa na rekodi msemaji akilitaja mara mbili. Usilinyooshe lifanane na Kiswahili.
- Sehemu inayotumika: mzizi, gome, jani, ua, tunda, utomvu, au mmea mzima.
- Inavyoandaliwa: inachemshwa, inalowekwa, inatwangwa, inakaushwa juani au kivulini?
- Msimu na wakati wa kuchuma.
- Anaitumia yeye mwenyewe sasa, aliitumia zamani, au alisikia tu? Tofauti hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo inayoamua uzito wa rekodi.
- Alijifunza kwa nani.
- Imezidi kupatikana au imepungua?

Kazi isiishie kwenye dawa. Watu wengi wakisikia "matumizi ya asili" wanaona dawa tu, na ninadhani ndiyo sababu orodha nyingi zinafanana. Andika kuni, mpini wa jembe, kamba, rangi, sabuni, lishe ya ng'ombe, mti wa kutundikia mzinga, mmea wa kuonyesha mpaka wa shamba, mti wa tambiko, mmea unaochanua na wazee wakasema sasa pandeni.

5. Jaza kadi papo hapo, usisubiri jioni

Hivi ndivyo kadi iliyokamilika inavyoonekana. Mahali, namba na msemaji nimevibuni kwa ajili ya mfano:

*Namba:* KT-014
*Tarehe:* 22 Februari
*Jina la wenyeji:* mlanzi
*Jina la kisayansi:* Oxytenanthera abyssinica (halijathibitishwa)
*Mahali:* ukingo wa shamba la mahindi, hatua chache juu ya kijito. Mwinuko mita 1,750. Namba za GPS (nimeziacha hapa)
*Mmea:* kishada cha mashina mengi, urefu mita 7 hivi, shina nene, karibu halina uwazi ndani, hakuna maua. Umepandwa.
*Matumizi 1:* ulanzi. Ncha ya chipukizi hukatwa wakati wa mvua, kidonda hukwanguliwa asubuhi na jioni, maji hutiririkia kwenye mbeta (chombo cha mwanzi). Ya siku ya kwanza ni matamu na hunywewa hata na watoto. Yakilala huchacha na kuwa pombe.
*Matumizi 2:* uzio, vichanja, fito za kujengea.
*Msemaji:* W-03, mwanamume, miaka sitini na kitu, anagema mwenyewe. Alifundishwa na baba mkubwa
*Idhini:* ndiyo, jina lisitajwe
*Picha:* 7. *Sampuli:* majani na ganda la chipukizi

Tazama neno "umepandwa". Mmea unaweza kuwa wa asili ya nchi hii na bado hapo ulipo umepandwa na mtu. Andika unachokiona. Tazama pia kwamba mashina karibu hayana uwazi ndani: ukikausha tawi la majani tu, hakuna atakayejua hilo. Andika kila kitakachopotea mmea ukishakauka, yaani rangi ya ua, harufu, kimo, utomvu wa maziwa au usio na rangi, gome lilivyo, mti ni mmoja au wako wengi.

6. Piga picha kwa mpangilio ule ule kila mara

Mmea mzima na mazingira yake. Jani upande wa juu, kisha upande wa chini. Jinsi majani yalivyokaa kwenye tawi: yanatazamana mawili mawili, yanapishana, au yamekusanyika mahali pamoja? Ua kwa mbele na kwa ubavu. Tunda zima na lililokatwa. Gome. Weka rula kwenye angalau picha moja, na picha ya kwanza kabisa iwe ya kikaratasi chenye namba, ili baadaye usichanganye mti na mti. Kivuli chepesi kinatoa picha nzuri kuliko jua la saa sita.

7. Chukua sampuli

Picha haitoshi. Mimea mingi hutofautishwa na vinyweleo, tezi za jani au umbo la mbegu, mambo ambayo kamera ya simu haiyaoni.

Kata tawi lenye majani na maua, au majani na matunda, urefu wa kutosha gazeti. Mmea mdogo ung'oe mmoja pamoja na mizizi yake, pale tu unapoona iko mingi. Kama iko chini ya ishirini hapo, acha, picha itatosha. Kata vipande vitatu kutoka kwenye mmea ule ule: kimoja kibaki kijijini au shuleni, kimoja kiende hebaria (ghala la sampuli za mimea kavu), kimoja cha akiba. Funga kikaratasi cha namba kwenye kila kipande papo hapo.

Akiba hiyo si anasa. Adolf Stolz, mmisionari wa Moravian aliyeishi Kyimbila, karibu na Tukuyu, alikusanya mimea mingi ya Rungwe kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, hata jenasi (kundi la spishi za karibu) moja ya okidi ikaitwa Stolzia kwa ajili yake. Hebaria ya Berlin, mahali ilikokuwa imewekwa mimea mingi ya wakati wa Wajerumani, iliungua kwa bomu Machi 1943. Leo mimea ya Stolz inasomeka kwa sababu nakala zilikuwa zimegawiwa miji mingine.

Maonyo matatu hapa:

Okidi usichimbe. Viazi vya okidi vya Makete na Kitulo, chikanda au kinaka, vimechimbwa kwa magunia na kuvushwa Tunduma kwenda Zambia, huko hutwangwa na karanga kupikwa kitoweo. Kila kiazi kilichochimbwa ni mmea uliokufa. Okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Piga picha, andika matumizi, funika walipochimba watu wengine kama wameacha shimo.

Gome usilizungushe. Mkondekonde (Prunus africana), ambao gome lake husafirishwa kwa dawa za tezi dume na uko CITES tangu 1995, hufa ukichunwa kuzunguka shina. Kwa sampuli, jani na ua vinatosha.

Usionje. Hata kama mzee ameonja. Lile ua la miali myekundu na njano linalotambaa, lenye ncha za majani zinazojisokota kushika matawi ya jirani (Gloriosa superba), lina kiazi chenye sumu kali ambacho mtu mwenye njaa anaweza kukidhania kiazi kikuu.

8. Bana na kausha

Siku hiyo hiyo, panga kila sampuli ndani ya gazeti lake. Geuza jani moja au mawili ili upande wa chini uonekane. Tawi refu likunje umbo la V au N. Tunda nene likate katikati. Mimea yenye maji mengi, kama jamii ya shubiri, ichovye kwanza kwenye maji yanayochemka, vinginevyo itaendelea kukua ndani ya gazeti kwa kukukomoa. Panga gazeti, boksi, gazeti, boksi, weka mbao juu na chini, kaza kwa tyubu.

Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu nne za mwanzo. Hili ndilo watu wanaloliruka, kisha wanalalamika ukungu. Gazeti lililonyonya maji lianike juani, litumike tena.

Iringa mjini mwezi wa Julai, upepo na jua vitakumalizia kazi ndani ya wiki. Tukuyu mwezi wa Machi sahau kabisa. Bila joto hakikauki kitu. Sehemu bora niliyoiona ni dari la jikoni, juu ya moto wa kuni, pale mahindi yanapohifadhiwa: joto la polepole, usiku na mchana. Funika kwa kitambaa kuzuia masizi, na iwe juu vya kutosha kwamba ukiweka mkono hauungui. Usibane juu ya jiko la mkaa halafu ukaenda sokoni. Magazeti makavu na mkaa havina utani.

Uko mbali na moto na mvua haikatiki? Weka magazeti yenye sampuli ndani ya mfuko wa nailoni, mwagia spiriti mpaka yalowe, funga vizuri. Yatakaa wiki kadhaa bila kuoza. Rangi itapotea yote, ndiyo maana uliiandika kwenye kadi. Weka mbali na sigara na koroboi.

9. Tafuta jina la kisayansi, ukijua ni la mwisho siyo la kwanza

PlantNet na iNaturalist zinasaidia kukupa familia, na mara nyingi jenasi. Usikubali jina kamili kwa kuwa tu simu imeandika asilimia kubwa. Programu hizi zimefunzwa kwa picha, na mmea wenye picha chache duniani utapewa jina la binamu yake mwenye picha nyingi.

Thibitisha kwa watu. Hebaria ya Taifa iko Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (watu wengi bado wanaiita TPRI). Idara ya botania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina hebaria, na TAFORI (taasisi ya utafiti wa misitu) wana ya kwao Lushoto. Tuma picha na kadi kwanza, uulize kama watapokea sampuli, halafu ndipo upakie boksi kwenye basi.

Jihadhari na jina moja la wenyeji lenye mimea zaidi ya mmoja. "Mnavu" wa sokoni Mwanjelwa unaweza kuwa spishi mbili tatu za Solanum. "Mwanzi" ni vivyo hivyo: wa kugema ulanzi ni mmoja, ule wa msituni juu ya Rungwe na Poroto ni mwingine kabisa, na ule wa njano wa bustani za maua mjini ulitoka Asia. Kinyume chake pia hutokea. Huo mwanzi wa mlimani utaukuta kwenye vitabu kama Arundinaria alpina, Sinarundinaria alpina, Yushania alpina, na sasa Oldeania alpina. Mmea ni ule ule, wataalamu ndio waliohama.

Halafu swali la "ni wa asili au mgeni". Usitegemee umri wa mzee. Mwarobaini ulitoka Asia. Mikaratusi na miwati ya Njombe ilitoka Australia, misindano ya Sao Hill Meksiko, parachichi Amerika ya Kati. Hata kishonanguo, ambacho kila bibi atakuonyesha kama mboga na dawa ya kidonda, asili yake ni Amerika. Ramani za tovuti ya Plants of the World Online, ya bustani za Kew, huonyesha kila spishi ni mzawa wa wapi, linganisha huko. Mgeni usimfute kwenye daftari. Mwandike, mpe alama ya mgeni, na matumizi yake yabaki, kwa sababu watu wanayatumia kweli.

10. Andika matumizi kwa lugha inayolinda watu

Andika "W-07 anasema gome huchemshwa kwa kikohozi". Usiandike "hutibu kikohozi". Wewe ni mwandishi wa kumbukumbu, hukupima. Kutoa tiba kunasimamiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na waganga husajiliwa na Baraza lake. Kuandika mtu alivyosema hakukufanyi mganga, lakini kuanza kugawa chupa kutakufanya uulizwe.

Kipimo alichotaja msemaji, kiandike kwenye kadi kama kilivyo, iwe kiganja, kikombe au siku tatu. Kwenye nakala ya watu wote kiondoe. Ondoa pia chochote kinachohusu kutoa mimba, sumu za kuulia, na mahali halisi pa okidi na mkondekonde.

Utupa (Tephrosia vogelii) ni mfano mzuri wa utata huu. Mkulima atakuambia anatwanga majani kuua wadudu wa maharage. Mwingine atakuambia, akicheka, kwamba majani hayo hayo hulewesha samaki mtoni, jambo ambalo sheria ya uvuvi inakataza. Andika yote mawili kwenye kadi. Kwenye nakala ya shule weka la kwanza kwa kirefu, na la pili kwa sentensi moja bila maelekezo.

Mimi hugawa maarifa mafungu matatu kwa kumuuliza msemaji: la watu wote, la kijiji tu, na la kutoandikwa. Fungu la tatu hata kwenye daftari haliingii.

11. Rudisha kijijini

Kabla ya kuchapa au kutuma popote, rudi ukawasomee. Soma kwa sauti, kadi kwa kadi, mbele ya wote waliokubali. Hapo ndipo makosa hujitokeza: "Siyo mzizi, nilisema gome." "Huyo mti si wa hapa, ni wa kwa wajomba zangu Makete." Rekebisha kwa penseli ya rangi nyingine bila kufuta la kwanza. Baada ya hapo acha nakala ya karatasi ofisi ya kijiji na nyingine shule ya jirani. Nakala ya dijitali iweke sehemu mbili zisizo kwenye simu moja.

Mambo yanayokwamisha

*Sampuli zimeota ukungu.* Hukubadilisha magazeti, au ulikaza sana bila maboksi ya kupitisha hewa. Ukungu mwepesi futa kwa brashi na spiriti, kausha upya. Ukiwa umepenya, tupa na uchume tena.

*Wadudu wametoboa sampuli kavu.* Funga ndani ya nailoni, weka kwenye friza kwa wiki nzima, ukitoa usifungue mpaka irudi joto la kawaida. Muuza aisikrimu jirani atakuelewa ukimweleza vizuri.

*Mmea hauna ua wala tunda.* Chukua majani, andika, weka alama ya mahali, rudi baada ya miezi miwili mitatu. Mwanzi unaweza kukaa miaka mingi bila kuchanua, kwa hiyo kwa mwanzi usisubiri: chukua ganda la chipukizi pamoja na majani, ganda hilo linasaidia sana kuutambua.

*Wazee wawili wanabishana jina.* Usiamue ugomvi. Andika yote mawili, kila jina na msemaji wake na alikotoka. Mara nyingi utakuta mmoja aliolewa hapo kutoka Ukinga, au wanaongelea mimea miwili tofauti. Wapeleke wote mbele ya mti.

*Mganga anadai alipwe kwanza.* Mwache. Kijiji kina wengine. Atakuja mwenyewe akiona kila mtu yumo kwenye daftari isipokuwa yeye.

*Kijana anasema hajui mmea hata mmoja.* Mwambie ataje mboga zote za porini alizowahi kula, bila wewe kutaja hata moja. Fanya hivyo kwa kila mtu wa kijiji, wakubwa kwa wadogo, kisha linganisha orodha. Mimea inayotajwa na wazee peke yao ndiyo ya kuandikwa kwanza msimu ujao.

*GPS inaonyesha niko katikati ya Ziwa Nyasa, au kaskazini mwa ikweta.* Umesoma kabla simu haijashika setilaiti, au umeacha alama ya kutoa: Tanzania Bara iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yetu ina alama hiyo au herufi S. Toka chini ya miti, subiri dakika mbili, soma tena.

*Kikaratasi cha namba kimedondoka na sijui sampuli ni ya kadi gani.* Linganisha na picha. Ukipata uhakika, andika namba na neno "imelinganishwa kwa picha". Usipopata, usikisie, iweke kando bila namba, na uchume nyingine.